Kompyuta Imeniuliza Nibakishe Nini

Mwanangu Raya,

Nakuandikia kwa mkono, na najua utacheka. Mama yako, Bi Mariamu wa Taipu, ambaye nusu ya Mtambile imeoana kwa kadi alizozichapa yeye, leo anamwandikia mwanawe kwa kalamu kwenye daftari la shule, na mwandiko wenyewe kama kuku kaparura jaani. Sina hila. Kompyuta haishikiki. Iko hapa mbele yangu, kioo chote kimekuwa cha buluu, inazungusha viduara vyake na imeniandikia nisiizime. Imefika asilimia kumi na mbili.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Nimebonyeza.

Nimekuaga kwamba nakuja dukani mara moja kuangalia kama nimefunga dirisha la nyuma. Dirisha nililifunga tangu kabla ya magharibi. Nimekuja kuisubiri hii kompyuta, na kukwambia jambo ambalo macho kwa macho siliwezi, maana wewe ukinitazama hivyo unavyonitazama, mimi huanza kucheza na mtandio na kuzungumza bei ya samaki. Kesho alfajiri tutakuwa bandarini Mkoani, baba yako atakuwa anahesabu mizigo kwa sauti mara tatu tatu, majirani wamejaa, na nafasi haitapatikana. Kwa hiyo soma barua hii ukishafika Unguja na kutulia. Ndani ya boti usisome, wewe ukisoma chomboni hutapika.

Sitakwambia ule vizuri, wala uswali kwa wakati, wala usilale na nywele mbichi. Hayo nimeyasema miaka kumi na tisa, na kama hayakuingia kwa mdomo hayataingia kwa daftari. Nataka nikueleze kwa nini nilikukatalia.

Mwaka mzima umenipigia magoti juu ya hii kompyuta. Kila asubuhi tukiiwasha, kile kibandiko kinatokea: mfumo huu umefika mwisho, hautalindwa tena, hamia mpya. Mimi nakifunga kama mtu anayefukuza nzi, wewe unaguna. Ukaniambia, "Mama, hino imeshakuwa yatima. Walioiunda hawaitazami tena. Watu watuletea flashi zao zimejaa virusi, na humu mna vyeti vyao vya kuzaliwa, mna hati zao za mashamba. Vikipotea tutawaambia nini?"

Ulikuwa na haki, na nilijua una haki, ndiyo maana nikawa mkali. Kwanza nilisema printa haitakubali. Halafu nikasema kompyuta ni mzee, ataumwa njiani. Ukanionyesha kwenye simu kwamba inafaa kabisa, ina nafasi na nguvu za kutosha. Nikakutupia methali: usiache mbachao kwa msala upitao. Nawe, mtoto usiye na adabu, ukanijibu papo hapo, "Mama, mbachao ushatoboka, twaswalia sakafu." Bi mmoja aliyekuja kutoa kopi alicheka mpaka akaketi. Mimi nami nilicheka. Lakini sikubonyeza.

Ulidhani naogopa kwa sababu ya mkasa wa kompyuta ya kwanza. Hilo unalijua nusu. Leo nakupa na nusu ya pili.

Ulikuwa na miaka mitano. Bibi yako Mize, mama yangu, alikuwa ameanza kudhoofika, na akataka kuwagawia watu mikarafuu yake ya shamba la Mgogoni akiwa hai, kwa hiba, ili asije akaondoka watu wakatazamana vibaya. Zaidi akiwafikiria watoto wa marehemu mdogo wetu, ambao bila ya hiba yake wasingepata kitu. Unajua kwetu shamba laweza kuwa la huyu na mkarafuu wa yule. Akanichukua mimi niandike, kwa kuwa ndiye msomi wa nyumba. Tukaenda siku nzima. Anatembea na mkongojo, akiufikia mti anaupiga piga kwa kiganja kama anayemwamsha mtu, anasema, "Huno wa Hamadi. Huno wako. Huno wa mayatima." Nami naandika nyuma ya kalenda ya zamani. Mashahidi wawili walimsikia akisema kwamba amegawa, wote wawili leo ni marehemu, lakini upi wa nani waliniachia mimi na utaalamu wangu.

Nikarudi dukani nikaichapa vizuri, kwa jedwali, herufi nene juu. Nikaiweka pale pale usoni mwa kompyuta, palipo na picha ya maua, ili niione kila siku. Ile kalenda nikaitupa. Baba yako aliniuliza mbona siitoi kwenye karatasi, nikamwambia karatasi huliwa na mchwa, kompyuta haisahau. Nilikuwa nalipenda sana neno hilo. Wateja wakinisifu kwa hilo. Mwenye duka la kuchapisha hakujichapishia karatasi moja ya mama yake. Ndiyo wakasema mganga hajigangi.

Baada ya miezi kompyuta ikaanza kwikwi. Akaletwa fundi Faki, wakati ule ni kijana wa juzi juzi, karudi kutoka mjini na mkoba wa sidii. Siku hiyo duka limejaa, wazee wawili wanasubiri barua, na mwalimu mmoja na mitihani yake. Faki akasema itabidi apige windo, yaani afute mfumo wote atie mpya. Kisha akaniuliza mbele ya watu, "Bi Mariamu, mna kitu cha maana kwenye C? Maana nkipiga windo, vya C vyote vyenda."

Raya, mimi C niliijua ya alfabeti tu. Sikujua kwamba ile sura yenye maua ndiyo C yenyewe. Neno moja lingetosha: "C ndo ipi, mwanangu?" Lakini nilimtazama yule mwalimu, nikawatazama wale wazee ambao wamekuja kwangu kwa sababu mimi najua, nikatikisa mkono hivi, kwa maringo, nikasema, "Hamna kitu. Piga."

Akapiga. Mficha uchi hazai, na mimi niliuficha mbele ya watu watatu ambao hata majina yao leo siyakumbuki.

Hiyo ndiyo nusu unayoijua, kwamba orodha ya bibi ilifutika. Lakini wewe umekua ukiamini kwamba niliijua kwa moyo, nikaiandika upya, na mambo yakaisha. Ndivyo nilivyokuhadithia. Sasa sikiliza.

Imefika asilimia thelathini na moja. Umeme umepepesa kidogo, ile betri ya chini ya meza ikalia. Umerudi.

Niliposema nitarudi kwa mama aniandikishe tena, niliona haya, nikaahirisha. Leo anaumwa, kesho ana wageni. Nilikuwa natafuta siku ambayo ningemwambia bila ya kuonekana mjinga, na siku ya namna hiyo haiko. Bibi yako akafariki kabla sijamwambia. Na katika kilio, watu wote wakawa wanasema neno moja: alhamdulillahi, kaacha mambo yake sawa, orodha iko kwa Mariamu.

Baada ya arubaini nilijifungia humu dukani nikaichapa upya kutoka kichwani. Mingi niliikumbuka sawasawa, nakuapia. Ile ya mayatima yote niliikumbuka, maana mama aliirudia mara nyingi. Lakini mitatu ya upande wa njia ilinichanganya. Nilijua mmoja ni wangu, mmoja wa mjomba wako Hamadi, na mmoja mama kauweka wakfu wa msikiti, wa taa na mikeka. Upi wa nani, sikumbuki. Nikakaa hapo nimeshika kichwa. Nilipoinuka nilikuwa nimeandika mmoja wa Hamadi na miwili yangu. Msikiti sikuutaja. Nilijiambia ni kwa muda, mpaka nitakapokumbuka. Hilo neno "kwa muda" lichunge sana mwanangu, mimi limenila miaka kumi na nne.

Tukakutana uwani kwa Bibi Mize, ukoo mzima. Nikaisoma karatasi yangu, safi, ina jedwali. Nilipomaliza mjomba wako akauliza swali moja tu, kwa upole wake ule. "Dada, mama hakutaja kitu cha msikiti?"

Nikamjibu, "Angetaja kingekuwa humu. Kompyuta haisahau."

Akaitazama karatasi. Akanitazama mimi. Akasema, "Haya, dada." Basi, yakaisha, watu wakala wali.

Sasa unakumbuka kiroba cha mjomba wako? Kila msimu wa karafuu, akishaanika na kukausha, hujaza kiroba kimoja akakichukua begani kwenda msikitini kwao bibi, Mgogoni, kutoka kwake Chokocho kote huko. Sisi tukimcheka. Nimemtania mbele yako mara ngapi: "Hamadi, watafuta ushehe weye?" Naye hucheka, hapati hasira, anasema, "Ndo nnautafuta, dada, niombeeni." Nawe ukaanza kumwita Shehe Kiroba. Mimi nilikufundisha.

Na hii kompyuta iliyo mbele yangu niliinunua kwa karafuu za ile mikarafuu miwili ya njiani. Nilijisifu wiki nzima.

Ndiyo kusema, Raya, mwaka huu wote sikuwa naogopa mfumo mpya. Nilijua kwamba kabla ya kuhamia utataka kunakili kila kitu kwenye diski ya nje, faili kwa faili, kama ulivyo, huachi kitu. Na ukilifikia lile faili utalitazama. Nilikuwa naogopa macho yako.

Juzi ukalifikia. Nilikuwa nakata kadi za harusi, nikasikia kipanya kimeacha kulia. Kisha ukasema, "Mama, hino Mikarafuu ya Bibi, faili lenyewe lasema limeanzwa bibi keshakufa. Yawaje?" Kumbe faili huwa na cheti chake cha kuzaliwa tumboni mwake, miaka yote hiyo sikujua.

Nikakupigia kelele. Nilisema maneno ambayo nikiyakumbuka natamani kuing'ata kalamu hii. Nilisema, "Chuo hujafika ushaanza kunihukumu? Unakwenda kusomea mafaili ndo uje kunipeleleza mamako?" Nikasema kompyuta isiguswe, ibaki hivyo hivyo mpaka ife. Wewe ukaweka kipanya chini taratibu. Ukasema, "Sikuuliza kwa ubaya, mama. Nataka tu nkihamisha niandike jina lake la kweli." Ukatoka ukaenda kuchota maji, na maji yalikuwepo.

Siku mbili hukuniuliza tena. Afadhali ungeuliza. Leo asubuhi ukaniletea funguo za duka, ukasema, "Nshanakili vyote, mama. Kumebaki kubonyeza. Lakini miye sibonyezi, ubonyeze weye ukitaka." Ukaenda kupanga sanduku lako. Nikakuona kwa mlangoni umekunja ile kanga ya bibi, unaiweka chini kabisa ya nguo isije ikachafuka. Nilikwenda chooni nikalia.

Baada ya laasiri nilikwambia nakwenda kukununulia mkoba. Mkoba nilikuwa nao tangu wiki iliyopita. Nilitoa ile orodha kwenye karatasi, nakala mbili pacha, nikaenda Chokocho.

Nilimkuta mjomba wako barazani anatia viraka majamvi ya kuanikia. Akashangaa. "Dada, mwana kesho yenda, nawe waja kuno? Kuna nini?"

Nikamwambia nimekuja na karatasi. Akaitupia jicho, hakuipokea. "Naijua hiyo."

"Huijui, Hamadi," nikasema. "Hino si ya mama. Ya mama ilifutika. Hino niliitunga miye, mama keshazikwa."

Nilidhani ataisimamisha ile sindano. Hakuisimamisha. Akashona mishono miwili, mitatu, akakata uzi kwa meno. "Nnajua," akasema. "Nlijua siku ile ile."

"Ulijuaje?"

"Nkarafuu wa msikiti mama alinonesha kwa nkono wake. Wiki moja baada ya weye kwenda naye, alinambia nimpeleke tena, kausahau mkongojo wake kuko huko. Kaupiga kwa kiganja, kasema huno wa msikiti."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nseme nini, dada?" Sasa ndipo aliponitazama. "Uwa umejaa watu. Weye ndo mkubwa wetu, umeshika karatasi. Nkwambie mwongo mbele ya ukoo mzima? Nkakusitiri. Nkasema, atasema mwenyewe. Msimu huno hakusema, atasema msimu ujao."

Nikamuuliza juu ya kile kiroba, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Cha msikiti," akasema. "Nkarafuu wao wauchuma weye. Sasa miye nkawa natoa wangu."

Nikamuuliza ni upi. Akasema ni ule mkubwa wa njiani. Ule ambao kila msimu mimi nauchuma wa kwanza, Raya, kwa kuwa unazaa kuliko yote, ambao nakupigia picha umesimama chini yake.

Nililia kwa sauti mpaka mkewe akatoka ndani na kijiko mkononi. Mjomba wako akangoja nimalize. Halafu akasema neno ambalo nalishukuru kuliko yote, maana lisingesemwa ningedhani ananifanyia uungwana tu. Akasema, "Hasira nlikuwa nayo, nsikudanganye. Mwaka wa pili ule sikuja kwako Idi. Weye ulidhani naumwa, ukanletea uji." Tukatazamana, tukacheka, machozi yakiwa bado hayajakauka. Uji ule kumbe aliunywa na hasira zake.

Nikamwambia kuanzia msimu huu mti ni wa msikiti, na nitakwenda mwenyewe Mgogoni kuwaambia, na watoto wa marehemu nao nitawasomea upya, waniulize watakalo. Akasema, "Wende, lakini nende nawe." Na viroba vyake vyote hivyo, nikamuuliza, hivyo tufanyeje? Akaona nataka kuanza kuhesabu, akanikataza kwa mkono. "Vile nlimpelekea mama. Usivitie kwenye jedwali lako."

Imefika asilimia sitini na nne. Imejizima na kujiwasha yenyewe, nikasoma aya zote nizijuazo.

Nilirudi dukani nikawasha, nikabonyeza pale uliponionyesha. Ikaenda, ikasimama, ikaniuliza swali. Ikaniuliza nataka kubakisha nini: kila kitu, au nisibakishe kitu? Raya, nilikaa mbele ya swali lile muda mrefu kuliko haja. Nilikuwa na njia. Ulichonakili kiko kwenye diski ya nje, humo lingebaki lile faili. Lakini humu ningesema sibakishi kitu, nikaanza na kompyuta nyeupe, haina Mikarafuu ya Bibi, haina cheti cha kuzaliwa tumboni. Na diski ya nje ningeweza kuitumbukiza ndooni kwa bahati mbaya. Usidhani sikuliwaza. Mamako si malaika, na ninakwambia ili ujue jinsi mtu anavyoweza kutoka Chokocho macho yamevimba kwa toba na bado baada ya saa mbili akatafuta pa kupenya.

Kabla sijajibu nikaghairi, nikalifunga lile swali, nikalifungua faili. Sikubadilisha mti hata mmoja. Nilibadilisha jina tu. Halikuwa Mikarafuu ya Bibi. Nimeliandika: Orodha aliyoitunga Mariamu. Nikaona jina limekaa sawa, nikarudi kwenye lile swali nikajibu: kila kitu.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu sana, na ilikuwa na kivuli kizuri, nikapita raha mustarehe mpaka nikasahau kwamba ni njia ya mwongo. Hilo ndilo nililotaka ulijue, maana huko unakwenda kusomea utunzaji wa nyaraka. Majirani wananiuliza, ndo nini hiyo, kusomea kupanga mafaili? Nawaambia ndiyo, na waache wacheke. Lakini mimi nimeona karatasi safi inavyoweza kuwafunga watu midomo. Ile yangu ilikuwa na jedwali, herufi nene, haina kosa la herufi hata moja, na ndiyo iliyomshinda mjomba wako aliyekuwa anajua. Kama ningeiandika kwa mkono, nikafuta futa, mtu angesema, hebu tutazame tena.

Iko siku utakaa mbele ya mtu atakuuliza kitu hukijui, na nyuma yake pana watu. Utakumbuka nilivyotikisa mkono: hamna kitu, piga. Wewe muulize C ndo ipi. Wakicheka, wacheke. Na huko watakucheka vilevile ukisema nkate na nlango. Cheka nao, halafu useme tena nlango.

Nisamehe kwa kelele za juzi. Sikuwa na hasira nawe. Nilikuogopa, na hakuna kitu kigumu kwa mama kuliko kumwogopa mtoto aliyemzaa. Leo sikuogopi tena. Ningependa ungekuwa umekaa hapa kwenye kile kiti chako chenye mguu mmoja mfupi, unanisoma hivi ninavyoandika. Nitakukosa, Raya. Nitakukosa dukani kabla sijakukosa nyumbani. Nitakuwa nageuka kukuuliza hiki kitufe cha nini, na hutakuwapo, na itanibidi niwaulize watu. Labda ndiyo dawa yangu.

Imekwisha! Imewaka. Imeniandikia karibu, kama vile mimi ndiye mgeni. Vitu vimehama mahali, kile cha chini kushoto kimekwenda katikati, sikioni changu hata kimoja pale nilipokiacha. Lakini vipo. Nimevifungua kimoja kimoja: kadi za harusi, mitihani, barua za watu, picha zako. Na Orodha aliyoitunga Mariamu, na jina lake jipya. Nimejaribu printa. Printa imekataa, haiijui kabisa kompyuta hii. Nilikwambia. Nitamwita Faki kesho, na safari hii nitamuuliza kila anachokigusa mpaka ajute.

Kwa hiyo siwezi kukutolea nakala, nakupa ile yenyewe. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi moja kati ya zile mbili nilizokwenda nazo Chokocho. Ya pili kabaki nayo mjomba wako. Kabla sijaondoka aliomba kalamu, akaziweka juu ya goti, na chini kabisa ya jedwali, penye nafasi, akaandika kwenye zote mbili kwa mwandiko wake wa mtu aliyeishia darasa la nne: Nkarafuu mkubwa wa njiani wa msikiti. Mama kasema.

Mstari umekwenda upande, umekata hata pembe ya jedwali langu. Ukishajifunza kupanga nyaraka, anza na hii. Lakini usiichape upya, mwanangu. Iache hivyo hivyo.

Akupendaye na akuombeaye, ambaye kesho bandarini atajifanya anatafuta kitu mkobani,

Mama yako,
Mariamu